Wagonjwa Walisimama

Binti yetu alipiga picha ya sinki. Hakumpiga picha mgonjwa wala muuguzi. Alipiga picha sinki la wadi ya wanawake, lile ambalo asubuhi walisuuzia mabeseni ya vidonda na mchana wakatuambia tukinge hapo maji ya kumezea vidonge. Usaha ulikuwa umeganda kwenye kitundu chake kama uji uliopoa, na juu ya uji huo ametulia mende, mnene, hana haraka. Picha hiyo aliituma kwa kijana mmoja wa mtandaoni wanayemwita Darubini, ambaye kazi yake ni kuchungulia mambo ya wakubwa na kuwaonyesha watu alichokiona. Kufikia jioni sinki letu lilikuwa limetembea kuliko mimi nilivyotembea maisha yangu yote.

Hospitali ikajibu kwa tangazo lenye nembo na sahihi ya Mkurugenzi. Sinki hilo si letu, lilisema. Picha imetengenezwa na watu wasioitakia mema taasisi hii. Nilisoma tangazo hilo kwenye simu nikiwa nimesimama mbele ya sinki lenyewe. Mende alikuwepo.

Mke wangu alikuwa amelazwa kwa sababu ya mguu. Ana sukari, na kidonda kilichoanza kama lengelenge la kiatu kilikuwa kimekula unyayo hadi karibu na mfupa. Daktari alimwandikia dawa ya kupitishwa kwenye mshipa asubuhi, mchana na jioni, akanivuta pembeni akaniambia waziwazi, "Mzee, dawa hii haitaki kurukwa. Tukiichezea, mguu utatuponyoka." Ndiyo maana niliposikia kwamba picha imetoka kwa binti yetu, sikufurahi. Mama yake alichukia kuliko mimi.

"Mwanangu," alimwambia kwenye simu, binti akiwa amesharudi kazini kwake, "mimi nimelala mikononi mwa watu hawa. Si ungengoja basi nitoke?"

"Mama, ukitoka nitapiga picha ya nini? Ya mlango?"

"Una mdomo wewe."

"Nimeurithi."

Picha haikurudi nyuma. Watu walianza kuleta zao: shuka lenye damu ya mtu mwingine, choo kilichofurika, paka amelala kwenye kitanda cha watoto. Kila siku Darubini aliuliza swali lilelile: mnaogopa nini kutufungulia mlango? Mwishowe Mkurugenzi akatangaza kwamba mlango uko wazi. Darubini aje mwenyewe, na kamera yake, arushe mubashara, na taifa lijionee.

Lazima niseme neno juu ya Mkurugenzi huyo, kwa kuwa alikuwa na sharti moja ambalo wafanyakazi walilijua kuliko walivyozijua dawa. Akiingia mahali, kila mfanyakazi husimama. Aliyekuwa akila huacha kijiko. Anayeandika huacha kalamu. Walisimulia habari za karani aliyebaki kitini kwa sababu ya mimba kubwa, akahamishiwa chumba cha maiti wiki hiyohiyo. Mimi nilidhani ni porojo za korido hadi siku Sista, muuguzi wa wadi yetu, alipokuwa amepiga magoti akimfunga mke wangu bandeji. Mlango ukafunguka, Mkurugenzi akapitisha kichwa, na Sista akaruka wima kama aliyekanyaga kaa la moto. Bandeji ikamponyoka. Mguu wa mke wangu ukabaki unaning'inia, uko wazi, na nzi wakaujia. Mkurugenzi akatazama saa yake, akaenda zake. Sista akapiga magoti tena, akafukuza nzi.

Asubuhi ya ugeni nilifika na chai kwenye chupa nikakuta wadi inanuka rangi. Kuta zilikuwa nyeupe hadi pale mkono wa mpakaji rangi ulipofika. Juu yake palibaki kahawia. Lile sinki lilikuwa limetolewa, limewekwa jipya, na bomba lake halikuwa limeunganishwa na chochote. Vitanda vilikuwa na mashuka yaliyopigwa pasi, na pembeni ya kila shuka ilishonwa alama ya hoteli moja kubwa. Lakini wagonjwa hawakuwepo.

Vitandani walikuwa wamelala watu wengine, wanene wa afya, nywele wamechana vizuri, kila mmoja na mpira wa dripu umebandikwa kwa plasta juu ya ngozi isiyo na tundu. Kwenye kitanda cha mke wangu alilala mpishi wa jikoni, mama ninayemfahamu kwa sababu hunipa maji ya moto.

"Shikamoo, baba," akaniambia, anajivuta shuka hadi kidevuni kwa aibu.

"Marahaba. Unaumwa nini tena?"

"Nimeambiwa ni tumbo."

"Limekuanza lini?"

"Asubuhi hii. Kwenye kikao."

Kwenye kitanda cha pili, karani wa mapokezi akacheka ndani ya mto. "Mimi nina homa ya mapafu, baba. Wamenikataza kucheka."

"Na mke wangu yuko wapi?"

Wakaacha kucheka. Mpishi akageuza uso ukutani. Metroni, mkuu wa wauguzi, akaja mbio, viatu vinalia sakafuni, akanishika kiwiko kama mtu anayemtoa mlevi harusini.

"Mzee wangu, tusaidiane. Ni saa chache tu. Wamepumzishwa mahali patulivu."

"Dawa yake ya mchana?"

"Atapata. Kwani sisi ni wanyama?"

Mahali patulivu palikuwa chumba cha dobi, nyuma ya jengo. Huko ndiko wanakotupa mashuka machafu kabla ya kufua, na siku hiyo hawakufua, kwa kuwa wafuaji nao walikuwa wamelazwa. Marundo yalifika kifuani pangu: mashuka ya kujifungulia, mashuka ya vidonda, mataulo yaliyokauka yakawa magumu kama ngozi ya ngoma. Sakafuni palikuwa na maji ya kijivu yasiyokwenda popote. Katikati ya hayo wamepangwa wanawake wa wadi nzima, wengine kwenye vitanda vya magurudumu, wengine kwenye magodoro juu ya meza za kukunjia. Mke wangu alikuwa karibu na dirisha dogo, amejiziba pua kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Umeleta chai?" akaniuliza.

"Nimeleta."

"Mpe Mwalimu kwanza. Mimi nikifungua mdomo nitatapika."

Mwalimu alikuwa jirani yake wa kitanda, mwanamke wa makamo aliyepasuliwa tumbo, nyuzi bado mbichi. Akaishika chai akaizungusha mkononi tu. Nani angekunywa chai katika harufu ile? Nikawaeleza nilichokiona wadini. Nilipofika kwenye tumbo la mpishi lililoanza kikaoni, Mwalimu akanisihi ninyamaze, maana kucheka kunavuta nyuzi.

Mchana ukafika, na dawa haikufika. Nilitoka kumtafuta Sista nikamkuta kwenye mlango wa wadi, amevaa sare mpya yenye mikunjo ya dukani, anapangwa mstarini.

"Mzee, siwezi sasa," alininong'oneza, macho yamejaa machozi. "Wakiondoka tu nakuja mbio. Naapa."

Nikarudi dobi. Binti yetu alikuwa amempigia mama yake kutoka mji anakofanya kazi: "Fungueni, imeanza." Nikaegemeza simu kwenye rundo la mashuka, na wanawake walioweza wakasogea.

Darubini alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya upole. Alipita kati ya vitanda vyetu akisifu rangi. Akamwuliza karani wa mapokezi kuhusu chakula, karani akakohoa vizuri sana kabla ya kujibu. Metroni alitabasamu hadi ufizi. Chini ya picha maneno ya watazamaji yalipanda kwa kasi. Wengine walisema tumeonea watu bure. Wengine walimwambia Darubini aombe radhi. Mwalimu akasonya.

"Hawa ndio wale wa 'tulikuwa tunangoja upande wa pili wa habari,'" alisema. "Haya, upande wa pili huu hapa, unanuka mkojo."

Ndipo Mkurugenzi akaingia wadini, suti ya buluu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooshwa kumsalimia mgeni. Na wagonjwa wakasimama.

Wote. Hakuna aliyetoa amri. Mpishi alirusha shuka la hoteli akatua miguu sakafuni, mikono ubavuni, kidevu juu. Karani wa mapokezi mwenye homa ya mapafu alisimama wima mpaka dripu ikamfuata na nguzo yake. Mmoja aliyefungwa bandeji mguu mzima alisimama juu ya mguu huohuo. Wadi nzima ya mahututi ilisimama kando ya vitanda kama askari, viatu vya kazini miguuni. Nadhani wenyewe hawakujua walichofanya hadi walipoona uso wa Metroni.

"Laleni!" Metroni alisema kwa meno. Wakalala. Hilo ndilo lililoua mchezo wao kabisa.

Wanawake wa dobi walicheka. Nami nilicheka, siwezi kukana. Nilicheka hadi nikashika ukuta, na ukuta ulikuwa na utelezi. Mwalimu alikuwa analia na kucheka, ameshika tumbo, anaomba Mungu amnyamazishe. Kwenye simu maneno yalipanda kama povu la sabuni. Muujiza! Bosi anaponya bila kugusa! Nileteeni mkurugenzi huyo nyumbani, nina mama mkwe amepooza!

Mke wangu ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

"Soma tena," akaniambia. "Kuna aliyeuliza sisi tuko wapi?"

Nikasoma. Nilisoma hadi macho yakauma. Utani ulikuwa mzuri, mwingine mzuri kweli, lakini hakuna aliyeuliza. Nchi nzima ilikuwa imeona vitanda vilivyojaa watu wasioumwa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza wenye vitanda wamewekwa wapi. Walikuwa wamepata kichekesho chao, wameshiba.

Wakati huohuo tukasikia ufunguo ukizungushwa. Mlango wa dobi ulikuwa umefungwa kwa nje.

Niligonga. "Nani? Fungua! Kuna wagonjwa humu!"

"Ni amri ya Metroni, mzee," sauti ya mlinzi ikajibu, haina raha. "Wasije wakaja huku na kamera. Nivumilie kidogo."

"Mke wangu hajapata dawa!"

"Nivumilie, baba yangu. Nina watoto."

Mimi si mtu wa mitandao. Nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, kwenye shule ya jioni, na tangu hapo naheshimu neno lililoandikwa; naona uchungu kulitupa mahali ambapo linapita kama takataka mtoni. Lakini niliandika, kwa kidole kimoja, bila kosa: Wagonjwa halisi tumefungiwa chumba cha dobi, nyuma ya jengo. Kuna mwanamke hajapewa dawa yake. Tafadhali mwambieni Darubini. Nikatuma. Maneno yangu yalionekana kwa muda wa kupepesa jicho, yakamezwa. Nikatuma tena. Mtu mmoja akajibu: Babu, utani wako haujachemka. Mwingine akaweka picha ya mdomo unaocheka.

Binti akapiga simu. "Baba, maneno hawasomi. Piga picha. Mpige mama, nitaifikisha kwa Darubini mwenyewe."

"Mama yako si maonyesho," nikamwambia.

"Baba, dawa!"

"Nimesema hapana. Mtu aliyenizalia watoto, nimtandaze hivi kwenye uchafu wa watu, kila mpumbavu amkodolee macho?"

"Nipe hiyo simu," mke wangu akasema. Akaniangalia kwa jicho ninalolijua, jicho la kumaliza mjadala. "Wewe unanionea aibu mimi au unajionea aibu wewe?"

Hakungoja jibu. Alikuwa anafungua bandeji. Ilikuwa imegandia kidondani, akailowesha kwa chai iliyobaki kwenye kikombe cha Mwalimu, akaivuta taratibu, anauma mdomo. Harufu ilipanda juu ya harufu zote za chumba kile. Ukingo wa kidonda ulikuwa umebadilika kuwa rangi ya zambarau, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa na weusi ambao jana haukuwepo.

"Nitapiga mguu tu," nikasema. "Uso tuuache."

"Mguu na uso, vyote pamoja. Mguu bila uso watasema si wa kwao, kama sinki. Na yale mashuka nyuma yaonekane. Nifunike mapaja kwa koti lako, basi."

Nikamfunika. Akarekebisha kitambaa cha kichwa kama anayekwenda sherehe, akatazama moja kwa moja kwenye simu. Picha ya kwanza nikaiharibu. "Shika kama mwanamume," akasema, nikapiga ya pili.

Nikamtumia binti, kisha tukarudi kutazama matangazo. Mkurugenzi alikuwa anaeleza kwamba wagonjwa wa hospitali yake wana nidhamu ya hali ya juu, huamka kumsalimia yeyote aliyewatibu. Darubini alikuwa anaitikia kwa kichwa, anazuia kicheko. Kisha simu yake ya mkononi ikawaka. Akaitazama. Upole ukamtoka usoni.

"Chumba cha dobi kiko wapi?" akauliza.

"Hiyo ni sehemu ya wafanyakazi," Mkurugenzi akajibu.

"Wafanyakazi si hawa hapa?"

Ndipo mpishi, ambaye alikuwa amelala na shuka hadi puani, akatoa mkono nje akanyoosha kidole kuelekea mlango wa nyuma. Sijui kazi yake iliishia wapi. Kila nikimkumbuka namwombea.

Tulisikia miguu mingi, tukasikia mlinzi akihangaika na ufunguo, mlango ukafunguka na mwanga mkali ukaingia. Nyuma ya mwanga nilimwona Darubini, mkono umeziba pua. Alisema mambo mazuri kwa watazamaji wake, mambo ya kweli, na sauti yake ilikatika mahali fulani. Kisha akasogea kwa mke wangu, akachuchumaa, akamwuliza amefungiwa tangu lini. Mke wangu akamjibu. Darubini akageuka kumsikiliza kijana wake wa kamera, akarudi na kusema, "Samahani, mama, hebu rudia hapo kidogo. Taa haikukaa vizuri."

Nilimtazama kijana yule. Bila yeye tungeoza mle ndani, nalijua hilo, na nilitaka kumtandika kofi.

"Dawa kwanza," mke wangu akamwambia. "Nikishapata dawa nitakurudia mpaka uchoke."

Sista aliwapita wote mbio, dawa mkononi. Alipiga magoti kwenye maji yale ya kijivu na sare yake mpya, akatafuta mshipa. Mkurugenzi akatokea mlangoni nyuma yake. Walinzi wakakaza migongo. Sista hakuinuka. Alimaliza kuchoma, akafunga plasta, akahesabu matone, na bado alikuwa amepiga magoti Mkurugenzi alipoondoka.

Tulirudishwa wadini jioni hiyo. Kesho yake Mkurugenzi alikuja na kikapu cha matunda na mpiga picha, akaweka mkono kwenye reli ya kitanda, akageuza uso upande unaompendeza.

"Mpiga picha abaki," mke wangu akasema. "Wewe toka."

Alitoka. Baadaye tulisikia amehamishiwa makao makuu, ngazi moja juu, ashughulikie ubora wa huduma.

Vidole viwili vilikatwa. Daktari hakusema ni kwa sababu ya siku ile, wala hakusema si kwa sababu hiyo; alisema tu unyayo umesalimika, tumshukuru Mungu. Tukamshukuru. Tulirudi nyumbani na magongo na mfuko wa pamba.

Picha yake haikurudi nyumbani. Binti alikuwa akituambia ilikofika, kisha akaacha kutuambia, nami nikajua kuna jambo. Nikaitafuta mwenyewe. Niliikuta kwenye tangazo la mtu anayeuza unga wa mizizi. Upande mmoja mke wangu, kitambaa cha kichwa amekirekebisha, macho yake makavu, mguu wake mbele yake. Mashuka ya nyuma yamekatwa. Upande wa pili mguu mwingine, mzima, laini, una vidole vyote. Kabla na baada, waliandika. Amepona kwa siku saba.

Kisha nikaandika chini yake, kwa kidole kimoja, nikisahihisha kila neno: Huyu ni mke wangu. Hajatumia dawa yenu. Mguu huo wa pili si wake. Alipigwa picha hii akiwa amefungiwa chumbani na hospitali, bila dawa. Iondoeni.

Jibu lilikuja upesi, lenye adabu na picha ya ua. Karibu sana, mzee wetu. Kwa wazee tuna punguzo.

Nikampelekea mke wangu simu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anangoja kuoshwa mguu. Akasoma tangazo, akasoma nilichoandika, akasoma jibu. Akautazama ule mguu wa pili kwa makini.

"Hata ngozi hawakulinganisha," akasema. "Wametafuta mguu wa mtoto wa watu."

"Binti anasema tunaweza kuwashtaki."

"Awashtaki. Na wewe kesho uwaandikie tena, na keshokutwa." Akanirudishia simu, akaanza kufungua bandeji. "Lete karai. Maji yasiwe ya moto sana."